Mkono wa baba ulipoanza kutetemeka, hata Mchina alisema ni upepo

Kama una mzazi aliyevuka miaka 60, huenda siku moja ukauona mkono wake unatetemeka. Kabla hujaamua la kufanya, kila mtu katika familia atakuwa ameshatoa jibu lake.

Kwetu majibu yalikuwa manne. Shangazi alisema ni uzee. Mama alisema ni mawazo ya kustaafu. Jirani alisema ni upepo mbaya, mzee aombewe. Kaka yangu, aliyewahi kupata nafuu ya mgongo kwenye kliniki ya Kichina, alisema apelekwe kwa Wachina.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ndiye anayetunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwetu. Walioanza kushtuka ni wanakikundi. Walilalamika kwamba mwandiko wa Mwalimu umekuwa mdogo kiasi kwamba hausomeki. Baadaye nasi tukaona: akikaa kutazama taarifa ya habari, kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vinasuguana kama vya mtu anayehesabu sarafu. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, vinatulia.

"Mwalimu, unahesabu hela za nani?" mama alimtania. Baba akauficha mkono chini ya mto wa kochi, na kwa miezi kadhaa hakutaka suala hilo lizungumzwe.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na nilikuwa na ugonjwa ninaoushuku. Lakini nyumbani mimi ni kitinda mimba, na baba alishaamua. Alikubali kwenda kwa Wachina kwanza, akanipa sababu yake: "Mama, hospitali watanipa jina la ugonjwa. Huko labda watanipa dawa tu."

Nikaenda naye.

MASWALI YA NUSU SAA

Kliniki ilikuwa Dar es Salaam, chumba safi chenye harufu ya mizizi iliyochemshwa. Daktari alikuwa mzee wa Kichina anayejua Kiswahili cha salamu na bei, na pembeni yake alikaa dada wa Kitanzania aliyekuwa anatafsiri.

Hakuanza na mkono unaotetemeka. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa baba, akanyamaza, kisha akahamia wa kulia. Katika tiba yao, mapigo husomwa sehemu tatu kwa kila mkono, na kila sehemu hueleza habari za viungo vyake. Akaomba kuona ulimi: rangi yake, utando wake, kama ni mkavu au una maji.

Ndipo yakaja maswali. "Mzee, daktari anauliza, unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo? Masikio yanavuma? Unapata kizunguzungu? Unakasirika haraka? Unaota ndoto za namna gani? Choo unapata vizuri?"

Baba alijibu mambo ambayo hata mama hakuyajua. Alikuwa na choo kigumu kwa zaidi ya mwaka. Usiku alikuwa akiota anapigana, na mara mbili aliupiga ukuta teke.

Mwisho yule dada akasema: "Daktari anasema ni upepo, mzee. Unatoka kwenye ini."

Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Hata Mchina anasema upepo!"

UPEPO GANI HUO?

Sisi tukisema mtu kapigwa na upepo, tunamaanisha kitu cha nje: pepo, jini, jicho la mtu. Waliolelewa pwani wanakumbuka jinsi degedege la watoto lilivyohusishwa na pepo au ndege anayepita juu ya nyumba. Neno ni lilelile, lakini nilipofuatilia zaidi niligundua kwamba Wachina wanazungumzia kitu kingine.

Wao wana upepo wa nje, ule wa mafua na baridi. Wa kutetemeka ni upepo wa ndani. Hautumwi na mtu, na hakuna wa kulaumiwa. Ni jina la jambo linaloonekana: ukiona majani yanatikisika, unajua pana upepo ingawa huuoni. Mwili unaotetemeka nao unasomwa hivyo hivyo. Hata kiharusi kwa Kichina huitwa zhongfeng, yaani kupigwa na upepo.

Wazo hili ni la kale. Kitabu cha msingi cha tiba hiyo, Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kinauweka mtetemeko na kizunguzungu chini ya ini. Lakini "ini" hapa si lile unalolipima kwa kuchukuliwa damu maabara. Ni kundi la kazi: kuhifadhi damu, kulisha kano, kusambaza nguvu ya mwili wanayoiita chi, na kuibeba hasira. Ini hufananishwa na mti, figo hufananishwa na maji. Mtu akizeeka maji hupungua, mti hukauka, na matawi huanza kutikisika. Ndiyo maana baba aliulizwa habari za masikio, haja ndogo na hasira kabla ya mkono.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba kwao hakuna mtetemeko mmoja. Vitabu vya leo vya kufundishia tiba hiyo huugawa katika makundi kadhaa. Yupo mwenye uso mwekundu, hasira na mtetemeko wa nguvu. Yupo mwenye uso uliopauka, mchovu, asiye na pumzi ya kuongea. Yupo mnene mwenye kifua kizito na utando wa njano kwenye ulimi. Yupo mwembamba mwenye kizunguzungu na masikio yanayovuma. Na yupo ambaye mikono na miguu yake ni ya baridi daima. Wote wanatetemeka, lakini kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja inaweza kumzidishia mwingine.

Shika hilo, maana ndilo lililotuokoa baadaye.

SINDANO, MIZIZI NA MAGAMBA

Baba alianza kwa sindano nyembamba kama unywele. Moja iliingia kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyingine juu ya wayo, kati ya dole gumba na dole la pili. Nyingine chini ya kisogo, mahali ambapo jina lake la Kichina, fengchi, maana yake ni dimbwi la upepo.

Kisha zikaja za kichwani. Nilidhani hizo ni za kale kuliko zote, kumbe ni kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa Kichina aitwaye Jiao Shunfa alichora ramani ya ngozi ya kichwa akifuata ramani ya ubongo ya tiba ya kisasa, na humo akatenga ukanda maalumu kwa ajili ya kutetemeka. Njia hiyo ni changa kuliko baba yangu.

Upande wa dawa za kuchemsha, majina yanayorudi mara kwa mara ni tianma, ambayo ni kiazi cha aina ya okidi. Gouteng, ambayo ni vijiti vyenye ndoano vya mmea unaotambaa. Na baishao, mzizi wa ua la peoni. Moja ya michanganyiko maarufu, ambayo jina lake linamaanisha kulituliza ini na kuuzima upepo, ilitungwa na daktari Zhang Xichun, aliyefariki mwaka 1933. Ndani yake mna ganda la chaza, gamba la chini la kobe, jiwe lenye chuma na mifupa ya kale ya wanyama iliyogeuka mawe. Hoja yao ni kwamba kilichopanda hushushwa kwa vitu vizito.

Zhang huyohuyo aliandika pia dawa ya homa inayochanganya aspirini na jasi. Hakuona aibu kuitaja aspirini kwa jina, na wala hakuificha ndani ya unga ili ionekane ni mizizi.

Baada ya wiki tatu baba alisema bega limelegea na analala vizuri zaidi. Mkono uliendelea kuhesabu sarafu. Yule daktari mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza, kupitia kwa mtafsiri: "Mzee ameshaonwa na daktari wa mishipa ya fahamu?"

JINA ALILOLIOGOPA

Daktari bingwa hospitalini alimwambia baba agonganishe vidole haraka, atembee, ageuke, aandike sentensi. Akamuuliza kama bado anasikia harufu ya vitu. Kisha akauliza habari za choo na ndoto. Nilimtazama baba, naye akanitazama. Maswali yaleyale, kwa sababu tofauti: choo kigumu, kupoteza uwezo wa kunusa na kurusha mateke ndotoni vinaweza kutangulia ugonjwa huu kwa miaka kabla ya mkono kuanza kutetemeka.

Ugonjwa ni Parkinson. Jina linatokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Chembe fulani ndani ya ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole. Dopamini ikipungua, mwili hukaza, hatua hufupika, mwandiko husinyaa, na mkono uliotulia hutetemeka. Dawa kuu, levodopa, hugeuzwa na ubongo kuwa dopamini. Haiponyi, lakini humrudishia mtu siku zake.

Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Upo mtetemeko unaotokea mtu anapotumia mkono, akimimina chai au akitia saini, na mara nyingi huo hurithiwa katika ukoo. Upo wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Upo wa sukari iliyoshuka, wa kuacha pombe ghafla, na wa dawa: baadhi ya dawa za pumu, za kifafa, za magonjwa ya akili, hata za kichefuchefu. Hapa hospitali na Wachina wanakubaliana kwa njia zao: kutetemeka ni dalili, na swali la kwanza ni kutetemeka kupi.

Swali hilo kwetu halijaulizwa vya kutosha. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wakiishi na majibu ya shangazi na jirani, kama sisi.

PAKITI ISIYO NA JINA

Baba alianza vidonge, na ndani ya wiki chache wanakikundi waliweza kusoma daftari. Tatizo lilikuwa kichefuchefu. Badala ya kumwambia daktari, alimsikiliza muuzaji mmoja karibu na kituo cha mabasi. Huyo alimuuzia unga wa kahawia kwenye pakiti, "dawa ya Kichina ya kutetemeka", na kumwambia aache vidonge vya hospitali ili sumu itoke mwilini.

Baba akaacha vidonge vyote kwa siku moja, bila kumwambia mtu.

Siku ya nne, saa nane usiku, mama alinipigia simu. Mzee alikuwa ameshindwa kujigeuza kitandani. Shingo, mikono na miguu vilikuwa vimekaza kama ubao, na alipotaka kuongea sauti haikutoka. Tulimbeba sisi watatu hadi kwenye gari.

Daktari wa zamu alituambia tumewahi. Kuacha levodopa ghafla kunaweza kuleta mkazo mkali, homa kali na kuchanganyikiwa, na kuna wanaopoteza maisha. Vidonge vilirudishwa, na alipoeleza habari za kichefuchefu, muda wa kumeza ulipangwa upya. Lilikuwa jambo la mazungumzo ya dakika tano.

Alipopata nguvu, baba alitaka jambo moja: ile pakiti ipelekwe kwa yule mzee wa kliniki. Nadhani alitaka kujua kama alidanganywa na Wachina au na mtu wa kituoni.

Daktari aliigeuza, akainusa, akatafuta maandishi. Hapakuwa na jina la mmea, wala uzito, wala mtengenezaji. Akaongea kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

"Daktari anauliza," dada akatafsiri, "aliyeiuza alimshika mzee mapigo?"

"Hapana," baba akajibu.

"Aliangalia ulimi?"

"Hapana."

"Aliuliza mzee anakunywa dawa gani nyingine?"

"Hapana."

"Anasema basi hii siyo dawa ya Kichina. Ni unga."

Nimeandika habari nyingi za dawa bandia, lakini sijawahi kusikia hoja iliyonyooka kama hiyo. Anayeuza pakiti moja kwa kila anayetetemeka amevunja kanuni ya hospitali, na amevunja pia kanuni ya tiba ambayo jina lake limeandikwa kwenye bango lake.

KIPI KIMEPIMWA?

Tusiwadharau Wachina. Madaktari wao walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Dawa mseto ya malaria unayompa mwanao imetokana na mmea ambao sisi tunauita pakanga. Mtafiti Tu Youyou aliufuatilia mwanzoni mwa miaka ya 1970 akianzia kwenye kitabu cha Kichina cha karne ya 4, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ule mmea ulipimwa, kiini chake kikatolewa, na kipimo kikajulikana. Heshima yake ilitoka hapo.

Kwa Parkinson, kilichopimwa vizuri zaidi katika utamaduni huo ni mazoezi ya taichi, yale ya kusogea taratibu huku uzito ukihama mguu hadi mguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 huko Marekani uliwafuata wagonjwa 195 wakifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya taichi walikuwa imara zaidi wakisimama, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha. Kwa mzee, kutoanguka ni jambo kubwa, maana nyonga ikivunjika maisha ya nyumba nzima hubadilika.

Sindano zina tafiti nyingi ndogo zenye majibu yanayopingana. Baadhi ya wagonjwa hupata usingizi na hulegea misuli. Dawa za kuchemsha bado hazina ushahidi imara kwamba zinazuia Parkinson, na nyingine zinaweza kugongana na vidonge vya presha au vya kuzuia damu kuganda.

Na tahadhari moja ya nyumbani. Upupu, ule unaowasha, mbegu zake zina levodopa ya kweli, na nchini India umetumika kwa muda mrefu kama dawa. Ndiyo sababu hasa ya kutoujaribu jikoni: mzee anayemeza vidonge halafu akaongezewa unga wa upupu anapewa dozi juu ya dozi, na hakuna anayejua ni kiasi gani.

KAMA ANAYETETEMEKA NI MTOTO

Mtoto mchanga akishtuka na kutetemeka kidogo, kisha ukimshika mkono akatulia, mara nyingi ni ukuaji. Asipotulia ukimshika, au akilegea, akigoma kunyonya au akikodoa macho, mpeleke hospitali hapohapo. Inaweza kuwa sukari au kalsiamu imeshuka, au ni degedege. Kwa mtoto wa shule, angalia kwanza dawa anazotumia, hasa za pumu.

Kijana akianza kutetemeka na mwandiko kuharibika, asiambiwe ni mitihani. Upo ugonjwa wa kurithi uitwao Wilson, ambapo madini ya shaba hujaa kwenye ini na kisha kwenye ubongo. Una dawa, na unavyogunduliwa mapema ndivyo anavyopona vizuri zaidi. Huko ini la kweli linahusika na mtetemeko, lakini anayejua hilo ni mwenye vipimo.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Mrekodi mzazi wako kwa simu dakika moja akiwa ametulia, moja akiwa anamimina maji, na umwambie aandike sentensi tatu kwenye karatasi. Beba dawa zake zote, pamoja na zile za mizizi. Hivyo vitu vitatu vitamsaidia daktari kuliko maelezo ya ndugu kumi.

Akitaka tiba ya Kichina, usimkatalie kwa dharau. Atakwenda kwa siri. Nenda naye. Uliza cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Uliza majina ya mimea iliyomo, yaandikwe, umpelekee daktari wa hospitali. Na mtu yeyote, awe Mchina, Mswahili au mwenye koti jeupe, akisema acha vidonge vyote leo, shika mkono wa mzazi wako mwondoke.

Baba ameacha sindano kwa sababu ya gharama, anameza vidonge kwa saa, na asubuhi anafanya taichi uani kwa kufuata video, huku mama akimsimamia asijikwae kwenye ndoo. Ugonjwa upo na utaendelea kuwepo. Jina alilolikimbia ndilo lililomwezesha kujua cha kufanya.